Jitu Mkunga na Jua Lililosimama

"Hivi, Bi Sikudhani, jitu linaweza kuwa mkunga?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, Mzee Fumbwe, siku walipokuwa wakianika mtama, kila mmoja uani kwake, ukuta mfupi wa udongo katikati. Sikudhani alipepeta ungo, akapuliza makapi, akasema, "Mimi namjua jitu aliyempakata mume wangu kama kichanga, akamgeuza ubavu huu na ubavu huu mpaka alipokata roho. Hayo ya linaweza na haliwezi waulize wenye kuyajua." Fumbwe akacheka, maana mwenye kuyajua alikuwa ni yeye mwenyewe. Lakini swali likishavuka ukuta halirudi uani kwa mwenyewe. Lile lilizunguka mji mzima, likanenepa kila mlango lilipobisha hodi, mpaka likaingia Nyumba ya Mlingano na kuketi katikati ya watu.

Katika mji ule mgeni haulizwi anakotoka. Anaulizwa mbari na kazi, basi, kama watu wa kwingine wanavyoulizwa jina na jina la baba. Mbari ni mwili uliopewa: Wafupi wa bondeni wenye vifua vipana, Wembamba wasiozeeka, Majitu ya milimani. Kazi ni njia ya mkono: mlinzi, mwindaji, mhunzi, mganga, mwimbaji. Wazee husema dunia yao ni mchezo, na kwamba nyuma ya mbingu wapo Wachezaji wasioonekana, ambao huchagua kwanza mbari, halafu kazi, halafu jina. Na aliyechaguliwa hufumbua macho njiani akiwa mtu mzima, viatu miguuni, akikumbuka utoto ambao hakuna aliyeushuhudia. Sikudhani mwenyewe alifumbua macho hivyo, kando ya shimo lililokuwa linachimbwa, mkono wake umeshika kamba, na chini ya kamba mwanamume anaimba. Hakushangaa. Alivuta. Baadaye alipoambiwa habari za Wachezaji hakuzikana wala hakuzipigia magoti. Alisema moyoni: sawa, mimi nimechaguliwa na Mchezaji, na Mchezaji naye amechaguliwa na nani? Ukipanda ngazi hiyo, mwisho wake unamkuta Mola ameketi, na hapo ndipo shukrani inapopelekwa. Kwa hiyo kila alipoamka alishukuru, kwa mwili wake mfupi, kwa magoti yake yaliyouma, kwa mkono uliowahi kushika kamba.

Wachache sana mjini huzaliwa. Hao hawana Mchezaji. Huja kwa uchungu na damu, na kwa kuwa hakuna aliyewachagulia chochote, hawana mahali pa kukaa ila ndani ya Simulizi, yaani ule wimbo mrefu unaoeleza nani ni nani na nani anafanya nini tangu mwanzo. Na Simulizi lina mlango mmoja tu, mkono wa mkunga. Mtoto akipokelewa na mkono ambao Simulizi haliujui, anazaliwa, analia, ananyonya, lakini ukigeuza uso umemsahau. Yuko mmoja wa namna hiyo mjini, au inadhaniwa yuko. Panaonekana sahani yake tu, imeoshwa na kuinamishwa juu ya jiwe, na hakuna anayeweza kusema ni ya nani. Sikudhani alikuwa akiitilia chakula kila siku, akienda zake bila kugeuka, asije akamtia aibu mwenye nayo.

Sasa Pili, mke wa Makame mhunzi, alikuwa ameshikwa na uchungu. Na mkunga wa mji, Bi Kijoli, alikuwa ameachwa na Mchezaji wake. Alikuwa amesimama kisimani, ndoo mkononi, macho wazi, haendi, harudi, ndege wanatua begani. Aliyebaki mwenye kujua kupokea mtoto alikuwa mmoja tu. Mwanamvua. Jitu.

*

Nyumba ya Mlingano haina viti. Kuta zake ni za udongo mnene, na ndani ya kuta zimechimbwa nafasi zenye umbo la miili: upenyo mpana wa chini ni wa Wafupi, ufa mrefu mwembamba ni wa Wembamba, na shimo lile linalofika darini ni la Majitu. Ukibishaniwa, unaingia ndani ya umbo la mbari yako ukiwa na zana za kazi yako. Kila umbo lina vishimo vya kuwekea zana. La Majitu lina kishimo cha rungu na kishimo cha jiwe la kurusha. Mwanamvua aliingia, akaenea barabara, mabega na kichwa na vyote. Akatafuta pa kuweka kibuyu chake cha mafuta na uzi wake wa kufungia kitovu, hakupata. Akavishika mkononi, na katika kiganja kile vilionekana kama vitu vilivyookotwa.

Mzee Fumbwe alikuwa Mshika Simulizi. Mwembamba, uso laini kama wa kijana, lakini macho yamechoka kwa kutazama. Alipiga upatu, na jua likasimama.

Ndiyo mila. Baraza likikaa jua husimama mahali lilipo, ili watu wajadiliane kwa utulivu, asiwepo wa kusema nimechelewa shambani. Kivuli cha mlango kikabaki pale pale. Moshi wa jikoni kwa Makame ukaning'inia hewani kama nguo. Na sauti ya Pili, ambayo ilikuwa ikipanda na kushuka kama inavyopaswa, ikanyooka ikawa sauti moja, haipandi, haishuki, haikatiki.

Watu wakatazamana. Walisimamisha jua ili waamue kabla mtoto hajatoka, wakasahau kwamba uchungu nao hutembea kwa jua. Sasa mtoto hatoki na harudi, na baraza likishafunguliwa haliwezi kufungwa bila neno.

"Mmefanya nini nyie," alisema Makame, taratibu, kama mtu anayeongea na nyundo yake. "Mmemfungia mke wangu katikati."

"Basi tuharakishe," alisema Fumbwe. "Kwa haki. Niambieni, katika Simulizi zima, ni wapi jitu limepokea mtoto? Majitu yalitoka kwenye jiwe. Jiwe halizai. Asiyezaliwa atajuaje kuzalisha?"

"Mama yangu alinizaa," alisema Mwanamvua kutoka ukutani. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. "Nilikuwepo, Mzee wangu."

Watu wakacheka, na kicheko kikazima haraka kwa sababu ya sauti ile ya Pili.

Akainuka Sihaba, mlinzi wa lango, Mfupi mwenye ngao kubwa kuliko yeye. "Mimi sina ugomvi na dada huyu. Ila tupime. Jitu tayari ana nguvu za watu kumi, na ngozi isiyoingia mshale. Mkimwongezea na mkono wa kuponya, sisi wengine tutabaki na nini? Nani huko nyuma ya mbingu atachagua tena kuwa Mfupi?"

"Mimi," alisema Sikudhani.

"Wewe ulishachaguliwa, bibi."

"Na ningeulizwa leo ningesema vile vile. Kaa chini, mwanangu, ngao imekuchosha."

Mwingine akasema leo jitu mkunga, kesho samaki mhunzi. Makame akamjibu kwamba samaki akija na nyundo yake atampa kazi. Mwingine akasema labda Mchezaji wa Mwanamvua alikosea tu, kidole kiliteleza wakati wa kuchagua. Mtu mwenye akili zake achukue mwili wa vita halafu aupe kazi ya kungoja milangoni kwa wajawazito? Mwanamvua akasema, "Kama kidole kiliteleza, nakishukuru kidole." Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayetoa salamu.

Sikudhani alimtazama, na fikra zake zikaondoka zikaenda mbali, kama zilivyokuwa zikienda tangu awe mjane. Je, kama haikuwa kuteleza? Kama huko nyuma ya mbingu yupo mtu mmoja, chumba kimoja, taa moja, amechoshwa na kuua, amepewa orodha ya miili na orodha ya kazi, na akasema: nataka mikono mikubwa kuliko yote, na nataka ishike kitu kidogo kuliko vyote? Hilo si kosa. Hiyo ni dua. Na sisi humu ndani tumekaa tunaichambua dua ya mtu kama tunavyochambua mchele, hii chuya, hii si chuya. Nani alituambia dunia ilinganishwe? Mungu aliumba twiga na hakuna aliyemwita barazani. Aliumba popo. Popo ana mbari gani, ana kazi gani? Ananing'inia tu, na anakula embe, na anashukuru kwa namna yake ya kichwa chini. Lakini tena, akajikatiza, usiwadharau wenye kulinganisha. Mtu ambaye hana kitu kingine hushika ukuta.

Kwa maana Fumbwe naye alikuwa akizungumza sasa, na sauti ilikuwa imemtoka kwenye kifua na si kwenye wimbo.

"Mnaniona mkaidi. Sawa. Lakini nyie Wafupi mna visima, mna watoto, mna makaburi. Majitu wana milima. Sisi Wembamba hatuzai, hatufi, hatuna hata kaburi la kuonyesha. Tunaishi ndani ya Simulizi, peke yake. Likilegea uzi mmoja, ni sisi tunaoanza kuonekana upande wa pili kama kitambaa kilichochakaa. Nikiimba uongo mmoja nitaamka siku moja nikute ufa wangu ukutani humu umezibwa. Siombi mengi. Naomba kila kitu kiwe na sababu."

Hata Makame aliinamisha kichwa.

"Basi mpe sababu," alisema Sihaba, ambaye moyo wake ulikuwa mzuri kuliko hoja zake. "Dada Mwanamvua, sema tu kwamba bibi yako aliwahi kulala na Mfupi. Damu imechanganyika. Nusu jitu anaweza kuwa mkunga, hilo limo. Tutakupitisha sasa hivi."

"Au sema ulitupwa ukalelewa na wakunga," akaongeza mwingine.

"Au laana. Laana hupita siku zote."

Fumbwe alimtazama jitu kwa matumaini ya kweli. "Lolote katika hayo naweza kuliimba," alisema. "Sema moja tu, mwanangu."

Mwanamvua alikigeuza kibuyu mkononi. "Bibi yangu alilala na babu yangu," alisema. "Mama yangu hakunitupa. Sina laana, Mzee wangu. Nilimwona mbuzi amekwama kuzaa, nikamsaidia, nikapenda. Ndiyo habari yote. Nikimpokea mtoto wa watu kwa uongo, nitakuwa nimempitisha mlangoni kwa jina la mtu mwingine."

"Basi hakuna nafasi," alisema Fumbwe. Aliyasema kwa huzuni, na huzuni ile haikuwa ya kuigiza.

Sauti ya Pili ilikuwa imenyooka vile vile.

*

Ipo njia nyingine na wote waliijua, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Simulizi haliongezeki. Limejaa tangu mwanzo, kama mtungi. Ukitaka kuingiza neno jipya lisilo na sababu, lazima mtu aliye hai atoe kumbukumbu yake moja, ya kweli, nzima, aipendayo. Mbovu haitoshi, haina ujazo. Humnong'oneza Mshika Simulizi sikioni toka mwanzo hadi mwisho. Ikishatamkwa yote imemtoka, na mahali ilipokuwa hukaa neno jipya. Mshika Simulizi hubaki ameisikia, lakini ni mwiko kwake kuitamka tena, hata kwa aliyeitoa, hata kwa ishara. Akiitamka, nafasi inazibwa, na aliyeingia kwa nafasi hiyo anatoka.

Sikudhani alitegemeza mkono kwenye goti, akainuka.

"Nitoe mimi," alisema.

"Bibi, usikimbilie," alisema Makame, na aibu ilimjaa usoni, maana yeye ndiye mwenye mke, na alikuwa akijipekua ndani hapo na kukuta kwamba kila alichokuwa nacho chenye ujazo kilikuwa ni cha Pili, na asingeweza kumnunua Pili kwa Pili.

"Sikimbilii. Mimi ninazo nyingi. Mungu amenipa hazina."

Mwanamvua alisogea ndani ya umbo lake, udongo ukapukutika. "Mama, usinipe cha marehemu. Mimi nilimgeuza tu ubavu."

"Ulimgeuza ubavu," alisema Sikudhani. "Na wakati unamgeuza ulikuwa unamsimulia habari za mawingu, kwa sababu alishakuwa haoni. Mimi nilikuwa mlangoni nasikia. Tulia, mwanangu. Si deni, mtu halipi mambo kama yale. Ni kwamba nina furaha, na inatafuta pa kwenda."

Akafumba macho achague. Alizipitia moja moja kama tasbihi, na kila aliyoigusa aliishukuru. Hii ya Kitwana mume wangu akikataa kula mpaka mimi nile, hii ndogo, haijazi. Hii ya ugomvi wa mkeka, hapana, hii niachieni, nikizeeka zaidi nitahitaji kitu cha kunichekesha. Hii ya mwisho, mkono wake unapoa ndani ya mkono wangu. Nzito kweli, lakini si ya kupendwa, ni ya kubebwa. Akafika kwenye ile moja. Alijua toka alipoinuka kwamba atafika hapo. Mtu akitoa, atoe kinachong'aa. Ukitoa hafifu, Mola haoni haya, wewe ndiye utakayeona haya.

Akamwendea Fumbwe. Fumbwe akainama, kwa kuwa ni mrefu, akampa sikio. Sikudhani akafumba macho tena, akanong'ona.

Siku ile, unaikumbuka, kisima cha mjini kilikuwa bado. Kitwana wangu chini, mimi juu na kamba. Kila mtu ameshakata tamaa, wamekwenda kulala mchana. Basi nasikia ananiita. Si kwa nguvu. Ananiita kama mtu aliyeko chumba cha pili. Sikudhani, shuka. Nikafunga kamba kwenye jiwe, nikashuka, mimi mwanamke mwenye woga wa shimo. Chini kuna baridi nzuri. Ameketi kwenye tope, amejaa tope mpaka nyusi, na kati ya miguu yake maji yanatokea, kidogo kidogo, kama yanaona haya. Nikamwambia twende tumwite Fumbwe. Maana ndiyo mila, maji ya kwanza ya kisima anywe yule anayetawazwa, na asipoyanywa hayo hawi Mshika Simulizi, hata aimbe vipi. Na wewe ulikuwa nyumbani unasubiri kutawazwa, umevaa nguo mpya. Kitwana akasema ngoja. Akanishika mguu. Akayateka maji yale kwa viganja, ya kwanza yale yale, akaniosha miguu. Mmoja, halafu wa pili. Nikasema, wewe, haya si ya kuoshea miguu. Akasema, dunia imenichagulia kuchimba, haikunichagulia nani anufaike. Juu yetu mbingu ilikuwa duara ndogo kama sahani, na ndani yake, mchana ule, nyota. Tulicheka mpaka udongo ukaanza kutudondokea. Halafu akajaza kibuyu maji yaliyofuata, akakuletea wewe, ukanywa mbele ya watu, upatu ukalia. Nami nilisimama hapo pembeni miguu yangu safi, nikaona jinsi ulivyoimba vizuri. Uliimba vizuri sana, jirani. Dunia haikuanguka.

Akamaliza. Alifumbua macho, akaangalia huku na huku kwa utulivu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mbele yake alikuwa Mzee Fumbwe, bado ameinama. Alikuwa amejishika koo. Uso ule usiozeeka ulikuwa umekunjika upande mmoja, na midomo ilikuwa ikifunguka na kujifunga.

"Imba basi, jirani," alisema Sikudhani. "Mtoto anangoja."

Fumbwe alisimama wima, pole pole. Akatazama umbo la Wembamba ukutani, ule ufa wake, akautazama kwa muda. Kisha akaimba. Mstari ulikuwa mfupi, haukuwa na sababu ndani yake: kwamba palikuwa na jitu, Mwanamvua, na alikuwa mkunga. Alipomaliza, udongo wa shimo la Majitu ulibonyea wenyewe katika mahali pawili, kishimo cha kibuyu na kishimo cha uzi, na watu wakausikia upatu ukilia bila kupigwa. Kivuli cha mlango kikasogea. Moshi wa Makame ukapanda. Sauti ya Pili ikashuka, ikapanda, ikashuka.

Mwanamvua alishatoka ukutani. Aliinama mlangoni, akapita, na Makame akamkimbilia nyuma, na watu wote wakamiminika uani kusubiri, wakisukumana na kunong'onezana na kubahatisha kama ni wa kike au wa kiume. Haikuchukua muda. Kilio kilipokuja kilikuwa chembamba na chenye hasira, na Sihaba akasema huyo atakuwa mlinzi, na mwingine akamwambia mwache kwanza akauke.

Ndani walibaki wawili. Sikudhani alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Alijaribu kumwaza Kitwana, na Kitwana akaja, bila tabu: mkekani, mezani, kitandani mwa mwisho. Alikuja na kamba. Siku ya kisima alikuja hadi ukingoni, akashuka, na hapo pakawa na duara tupu, baridi nzuri kidogo, basi. Hakuumia. Alipapasa mahali pale kama ulimi unavyopapasa pengo la jino, akaona kwamba pengo lenyewe lina joto.

"Ahsante, Mola," alisema. "Chochote kilichokuwa."

Akainua macho kwa Fumbwe.

"Jirani. Najua huwezi kuniambia. Siulizi ni nini." Uani watu walikuwa wanaliimba jina la mtoto, lilikuwa limeshapatikana, na lilikuwa linashika. "Nauliza tu, ilikuwa njema?"

Mzee Fumbwe alimtazama. Halafu macho yake yakashuka yakatua kwenye miguu yake, miguu ya bibi kizee, mifupi, imepasuka visigino, ina vumbi la Nyumba ya Mlingano, yakakaa pale. Mkono wake ulianza kuinuka, akaukamata kwa mkono wa pili na kuushusha. Akauweka upatu chini sakafuni, kando ya nyayo za Sikudhani, kwa uangalifu kama mtu anayeweka maji. Akainamisha kichwa mbele yake, chini kuliko Mwembamba yeyote alivyowahi kumwinamia Mfupi, akageuka, akatoka.